Nani Apime Imani ya Mkopaji wa Kihesa?

Mama anayeuza nyanya na vitunguu Kihesa, mjini Iringa, akiomba mkopo wa kikundi hutarajia kuulizwa habari za nyumba yake. Paa ni la bati au la nyasi? Sakafu ni ya saruji au ya udongo? Wanakaa wangapi, na watoto wangapi wako shuleni? Kipimo kimoja cha umaskini kilichosambaa sana duniani, kilichobuniwa miaka ya 2000 kwa ajili ya taasisi za mikopo midogo, kina maswali 10 tu ya namna hiyo kwa kila nchi kinakotumika, Tanzania ikiwemo. Uzuri wake ni kwamba jibu linaonekana. Afisa mikopo akiwa na shaka, anainua macho na kulitazama paa.

Taasisi za mikopo zenye mizizi ya Kikristo zina swali jingine, na hilo halina paa la kutazama. Zinataka kujua kama mteja amebadilika kiroho. Kwao ni swali halali. Kosa linaanza pale kalamu ya kuandika majibu inaposhikwa na mtu yuleyule anayeshika fedha.

Iringa inalijua jambo hili kwa karibu. Mama Bahati Foundation, inayowakopesha wanawake wenye kipato kidogo, ilianzishwa mkoani hapa mwaka 2006 kwa ushirikiano wa Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana na shirika la Five Talents. Shirika hilo nalo lilizaliwa kwenye Mkutano wa Lambeth wa maaskofu wa Kianglikana wa mwaka 1998, na jina lake limechotwa katika mfano wa talanta, Injili ya Mathayo sura ya 25. Huko Arusha, shirika la Kikristo la World Vision liliunda taasisi ya mikopo ya SEDA katika miaka ya 1990, ambayo baadaye ikaitwa VisionFund Tanzania. Rwanda nako, World Relief ilianzisha Urwego mwaka 1997, miaka 3 baada ya mauaji ya kimbari. Waanzilishi wa taasisi hizi waliamini kwamba shilingi na Injili vinaweza kuingia mlango mmoja.

Wafadhili wao, wengi wakiwa waumini wa kawaida wa Marekani na Uingereza, wanauliza kama kweli vimeingia. Na tangu mwaka 2015 swali hilo limeongezeka uzito. Mwaka huo wachumi Abhijit Banerjee, Dean Karlan na Jonathan Zinman waliweka pamoja matokeo ya tafiti 6 za mikopo midogo, kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco. Hitimisho lao lilipoza joto la wengi: mkopo mdogo unasaidia kiasi, unampa mtu uhuru zaidi wa kuchagua, ila haugeuzi maisha ya wengi kama ilivyotangazwa miaka ya nyuma. Ikiwa fedha peke yake haimbadilishi mtu sana, taasisi inayosema inaleta kitu cha zaidi ya fedha inadaiwa ushahidi wa hicho cha zaidi.

Sasa itazamwe siku ya marejesho. Kikundi kimekaa, daftari liko mezani, noti zinahesabiwa. Afisa mikopo anaingia na "Bwana Yesu asifiwe!" Wote wanaitika "Amina!" Anaitika Mlokole, anaitika Mkatoliki ambaye kwenye jumuiya yake amezoea "Tumsifu Yesu Kristo", na huenda anaitika hata mama wa Kiislamu anayeuza vitenge, maana adabu ni adabu. Mmoja wao anasubiri mkopo wa awamu ya pili utoke wiki ijayo. Akiulizwa na afisa huyo kama tangu ajiunge anasali zaidi, anamtegemea Mungu zaidi na ana amani zaidi moyoni, atajibu nini? Hapo kinachopimwa ni heshima ya mteja kwa mwenye mfuko.

Hata bila mkopo wowote, maswali ya namna hiyo hayachuji kitu katika nchi hii. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kiliwahoji watu zaidi ya 25,000 katika nchi 19 za Afrika na kutoa ripoti mwaka 2010. Zaidi ya Watanzania 9 katika kila 10 walisema dini ni muhimu sana maishani mwao. Utafiti huohuo ukakuta kwamba zaidi ya nusu ya Watanzania waliohojiwa wanaamini kuwa sadaka kwa mizimu au mababu zinaweza kumkinga mtu na madhara. Majibu yote mawili yametoka katika nchi moja, na bila shaka mara nyingi katika kinywa kimoja. Dodoso lenye kisanduku cha "ndiyo" na cha "hapana" halina pa kumweka mtu wa namna hiyo, naye ndiye mteja wa kawaida.

Kuna pia suala la uraia. Serikali yenyewe haijauliza dini ya mtu katika sensa tangu ile ya mwaka 1967, na ilipofika sensa ya 2012 kukosekana kwa kipengele hicho kulizua mvutano mkali kiasi cha baadhi ya watu kutangaza kususia kuhesabiwa. Ibara ya 19 ya Katiba inaiweka imani katika hiari ya mtu binafsi. Taifa lililoamua kwamba karani wa sensa asiulize dini lina haki ya kushangaa likimwona afisa mikopo akiuliza, tena akiuliza si dini tu bali kina cha dini hiyo, kwa mtu ambaye kesho anahitaji shilingi 300,000 za kununulia mzigo.

Tuseme kikwazo hicho kimevukwa. Linabaki swali gumu zaidi: dalili ipi ihesabiwe?

Uchukuliwe ulanzi. Msimu wa mvua mianzi ya Iringa hugemwa, na ulanzi huingia mjini kwa madumu. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo ada ya shule. Mpentekoste ataona kuacha kuuza ulanzi ni tunda la kwanza la wokovu, na Waluteri wengi walioguswa na uamsho watamuunga mkono. Mkatoliki wa mtaa huohuo atashangaa, maana kwake dhambi ni ulevi, wala si kinywaji. Taasisi ikiandika "ameacha biashara ya pombe" katika safu ya mabadiliko ya kiroho, imekwisha kuchagua kanisa moja na kuwafelisha waumini wa mengine. Isipoandika, baadhi ya wachungaji wataona imekwepa jambo la wazi. Kihesa, yenye Wakatoliki, Waluteri, Waanglikana, Wapentekoste na Waislamu wanaouziana dagaa kila siku, haina kipimo kimoja cha ulanzi.

Nyanda za Juu Kusini zimewahi kuishi na kipimo kilichohesabika vizuri, na matokeo yake yanajulikana. Wamoraviani walipofungua misheni Rungwe mwaka 1891, na Wajerumani wa Misheni ya Berlin walipoingia Unyakyusa mwaka huohuo, alama kubwa ya mtu aliyebadilika ilikuwa ndoa ya mke mmoja. Mwanamume mwenye wake wengi kwa kawaida alizuiwa kubatizwa mpaka abaki na mmoja. Hapakuwa na utata: wake wanahesabika. Ila kila mwanamume alipovuka mstari huo na kuandikwa katika kitabu cha ubatizo, palikuwa na wanawake walioachwa upande wa pili wa mstari, na kitabu hakikuwa na safu yao. Kipimo kilisomeka safi kwa sababu gharama yake ilibebwa na watu ambao hawakuulizwa.

Je, basi lisipimwe lolote? Hapana. Upo utafiti unaoonyesha kwamba kazi hii inawezekana, ikifanywa kwa uangalifu. Wachumi Gharad Bryan, James Choi na Dean Karlan walishirikiana na International Care Ministries, shirika la Kikristo la Ufilipino, kuchunguza kaya zaidi ya 6,000 zilizo maskini kabisa. Kaya ziligawanywa kwa bahati nasibu. Nyingine zilipata mafundisho ya imani pamoja na ya afya na ya kujipatia kipato, nyingine imani peke yake, nyingine afya na kipato bila imani, na nyingine hazikupata chochote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021.

Miezi 6 baada ya mafundisho, waliofundishwa imani walikuwa na uchaji zaidi na kipato zaidi. Lakini matumizi ya nyumbani, uhakika wa chakula na kuridhika na maisha havikuonyesha tofauti ya kutegemewa, na watu hao walijiona wako chini zaidi kiuchumi kuliko majirani. Baada ya miezi 30, tofauti ya nguvu ya uchaji ilikuwa imetoweka. Kilichobaki wazi ni kwamba wengi zaidi walijiita Waprotestanti na wachache zaidi Wakatoliki. Mtu akisoma ripoti ya miezi 6 anashangilia. Akisoma ya miezi 30 anakuta kwamba lililodumu wazi ni jina la kanisa. Taasisi inayowahoji wateja mara moja, mwisho wa mzunguko wa mkopo, haitafika kamwe kwenye ukurasa huo wa pili.

Watafiti hao walitumia pia mbinu ambayo Iringa inaweza kuiiga bila gharama kubwa. Kundi moja la watu husomewa kauli za kawaida, kwa mfano 4, na kila mmoja hutaja tu ni ngapi zinamhusu, bila kusema zipi. Kundi jingine husomewa kauli hizohizo pamoja na moja nyeti kuhusu imani, nalo hutaja idadi tu. Wastani wa kundi la pili ukizidi wa kundi la kwanza, tofauti hiyo inaonyesha ni sehemu gani ya watu imeikubali ile kauli nyeti. Hakuna anayejua jibu la mama fulani, hata aliyemhoji. Anayetaka kumfurahisha afisa mikopo hapati pa kumfurahishia, na anayeogopa hana cha kuogopa.

Kupimana kiroho ndani ya vikundi vinavyochangishana fedha ni jambo la zamani kuliko mikopo midogo. Mwaka 1742, huko Bristol, Uingereza, wafuasi wa John Wesley walikuwa na deni la nyumba yao ya ibada. Nahodha Foy alipendekeza kila mtu atoe peni moja kwa wiki. Ilipoulizwa maskini watafanyaje, alijibu kwamba apewe 11 walio maskini kuliko wote, na asiyeweza kutoa atamtolea yeye. Hivyo yakazaliwa madarasa ya watu 12. Viongozi waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kukusanya peni wakaanza kuona wanaume wanaogombana na wake zao, na walevi, na mkusanyaji akageuka mlezi. Kilichomwezesha Foy kuuliza habari za moyo ni kwamba alikuwa tayari kulipa yeye pale mwenzake aliposhindwa. Katika mikopo ya kikundi ya leo, mwenzako akishindwa wanakikundi ndio wanaolipa, na afisa anarudi ofisini na fedha zake kamili.

Hapo ndipo penye mwanga. Mabadiliko ya kiroho yanayoweza kusimama mbele ya mashahidi ni yale yanayogusa watu wengine, na mashahidi wake ni watu hao. Luka sura ya 19 inamsimulia Zakayo, mtoza ushuru aliyeahidi nusu ya mali yake kwa maskini na kuwarudishia mara 4 wale aliowadhulumu. Wokovu wake una tarakimu, na wa kuzithibitisha walikuwa ni waliodhulumiwa. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika ulijulikana kwa jambo hilohilo: watu walirudisha vilivyoibwa, walilipa madeni ya zamani, waliomba msamaha kwa jirani waliyemchukia. Hakuna aliyehitaji dodoso. Mwenye ng'ombe alijua kama ng'ombe amerudi.

Kwa Kihesa, maana yake ni kuuliza mambo ambayo mtu mwingine anaweza kuyakana. Mweka hazina wa kikundi hiki alitoa hesabu ya faini mbele ya wenzake? Mwanachama alipofiwa, wenzake walifika msibani au walituma tu mchango? Mume na mke wanakubaliana mkopo ulitumikaje, wakiulizwa kila mmoja peke yake? Msichana wa kazi analipwa mwisho wa mwezi? Mkristo, Mwislamu na asiye na dini wote wanaweza kujibu maswali hayo bila kuvuliwa utu wao. Na wapo walio karibu kuyajua: Wakatoliki wana jumuiya ndogondogo zinazokutana kila wiki, Waluteri wana ibada za nyumba kwa nyumba, na kila mtaa una balozi. Ni kweli kwamba majirani nao wana majungu, kwa hiyo neno la jirani mmoja lisitoshe. Hata hivyo jirani hana cha kupoteza akisema ukweli. Mkopaji anacho.

Kuna mtu mmoja zaidi wa kupimwa, naye ni mkopeshaji. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ndilo riziki ya mtu. Inamkataza mkopeshaji kuingia nyumbani kwa mdaiwa kuchukua rehani, na kumtaka asimame nje mpaka mwenye nyumba aitoe mwenyewe. Kutoka 22 inakataza kumtoza maskini riba. Sasa ukumbukwe ule mtindo ambao Watanzania wameupa jina la kausha damu: marejesho ya kila wiki, riba inayopanda, na kundi linaloingia ndani kubeba godoro, jiko la gesi, hata vyombo ambavyo mama lishe anapikia. Jiwe la kusagia la leo ni hilo jiko. Taasisi yenye msalaba kwenye nembo haihitaji kumuuliza mteja lolote ili kujua hali yake yenyewe ya kiroho. Ihesabu tu ni majiko mangapi yalichukuliwa mwaka huu, na nani aliyeingia ndani.

Riba nayo inapimika kwa kalamu. Uchukuliwe mfano wa mkopo wa 300,000 kwa miezi 6, riba ikitajwa kuwa asilimia 3 kwa mwezi. Ikikokotolewa juu ya mkopo wote wa mwanzo, kila mwezi 9,000, jumla ya riba ni 54,000 na rejesho ni 59,000 kwa mwezi. Lakini mkopaji hakai na 300,000 miezi yote 6, maana kila mwezi anarudisha sehemu. Ukitazama deni linalobaki mkononi mwake, riba halisi inakaribia asilimia 5 kwa mwezi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na kanuni zake zinamtaka mkopeshaji amweleze mteja masharti waziwazi.  Taasisi inayojiita ya Kikristo ingetarajiwa kwenda hatua moja mbele na kumhesabia mama huyo, kwa Kiswahili chepesi na mbele ya kikundi, gharama yote mpaka shilingi ya mwisho.

Wapo watakaosema kwamba taasisi isipowauliza wateja habari za imani, itapoa na kuwa benki kama benki nyingine. Hofu hiyo ina historia. Friedrich Wilhelm Raiffeisen, Mjerumani aliyeanzisha chama chake cha mikopo Heddesdorf mwaka 1864, alisukumwa na imani yake ya Kikristo, na leo jina lake liko kwenye mabenki makubwa ya Ulaya ambayo hayana ibada yoyote. SACCOS za Tanzania ni wajukuu wa wazo lake. Lakini Raiffeisen hakuwahoji wakulima kuhusu maombi yao. Alitaka kila chama kikae ndani ya eneo dogo, kama parokia moja, ili wanachama wafahamiane kwa mwenendo, na alitaka wote wawajibike kwa deni la mmoja. Vyama vilipopoteza sura aliyovipa, havikuipoteza kwa kukosa dodoso. Vilikua mpaka waamuzi wakawa mbali na waliowakopesha.

Kwa hiyo bodi za taasisi hizi zina mambo machache ya kuamua mwaka huu. Afisa mikopo asiulize imani ya mteja kabisa, na fomu ya mkopo isiwe na safu ya dini. Anayehoji atoke nje ya taasisi, labda mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Iringa, ambacho ni cha Waluteri na kipo papo hapo jirani, chini ya mwalimu anayejua utafiti. Ahoji pia watu wa mtaani wasio na mkopo, ili pawe na cha kulinganisha. Arudi baada ya miaka 2 au 3, hata kwa waliotoka kwenye kikundi, na hao hasa, kwa kuwa waliotoka wana mengi ya kusema na hawasubiri awamu nyingine.

Kisha ripoti ya mwaka inayotumwa kwa wafadhili ipangwe upya. Ukurasa wa kwanza uonyeshe riba halisi, idadi ya wateja walioshindwa kulipa kwa sababu ya ugonjwa, msiba au nyanya kuozea njiani, wangapi kati yao waliongezewa muda, na wangapi walibebewa vyombo. Ukurasa wa pili ndio uje na habari za mioyo ya wateja, zikiwa zimekusanywa na mtu asiyegusa daftari la marejesho. Nakala ya Kiswahili ya ripoti hiyo isomwe kwenye vikundi kabla haijatumwa, na wanavikundi wakipinga jambo, pingamizi lao liandikwe humohumo.